Bledi za msumeno wa meza za kuchania mbao ngumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yetu iko Arua, Uganda. Tunachana mvule, mahogani inayovuka kutoka upande wa Kongo, musizi, mikaratusi ya mashambani, na mara nyingine mfenesi ambao mtu ameuangusha nyuma ya nyumba yake. Maswali haya huulizwa na vijana wanaojifunza kazi, na mafundi wa jirani, na watu walionunua mashine na sasa wanashangaa kwa nini mbao inatoka nyeusi. Humu, kuchana ni kupasua ubao kufuata nyuzi zake. Kukatiza ni kukata kwa kuvuka nyuzi. Anayezichanganya kazi hizi mbili atanunua bledi isiyomfaa.

## Mambo ya kwanza

Bledi ya kuchania ina tofauti gani na nyingine?

Ina meno machache. Ile ya inchi 10, yaani milimita 254, huwa na meno 24 hivi. Kichwa cha kila jino ni bapa kama patasi, jino limeinamia mbele kwa digrii 20 au karibu na hapo, na baina ya jino na jino kuna bonde refu.

Bonde hilo ndilo watu wengi hawaliangalii. Jino linapochana hubandua uzi mrefu wa mti, na uzi huo lazima ukae mahali mpaka jino litoke upande wa pili. Ukikosa pa kukaa hujibana, hupata moto, na moto huo unaingia kwenye bledi na kwenye ubao. Bledi ya kukatizia ina meno 60 hadi 80, yamechongwa ncha moja kulia na nyingine kushoto ili yakate nyuzi kama kisu. Mabonde yake ni madogo kwa sababu kinachotoka ni vumbi fupi.

Meno mengi si ndiyo yanayotoa mkato laini?

Kwa kukatiza, ndiyo. Kwa kuchana mbao ngumu, hapana, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua mota inayozunguka mara 2,850 kwa dakika, bledi ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye shafti yake. Unasukuma ubao wa mita 3 kwa dakika moja. Kwa meno 24, kila jino linabandua milimita 0.044. Kwa meno 80, kila jino linapata milimita 0.013 tu, wembamba ulio chini sana ya unywele. Jino haliwezi kukata kitu chembamba hivyo. Linasugua, na kusugua mti mgumu ndiko kunakoleta weusi, harufu ya kuungua na bledi inayopoteza makali kabla ya wiki kwisha.

Chota vumbi lililo chini ya mashine, ulisugue kwa vidole. Likiwa na punje na vijiti vidogo, kama mahindi yaliyoparazwa, bledi inakata. Likiwa laini kama unga wa muhogo na lina joto, bledi inasugua. Huwa nawaonyesha vijana jambo hili siku ya kwanza, kabla sijawaruhusu kugusa swichi.

Nina pesa ya bledi moja tu. Ninunue ipi?

Dukani watakushauri ile ya meno 40, inayofanya kazi zote mbili. Inafaa kwa mbao laini na kwa mbao ngumu isiyozidi inchi moja. Lakini kama kazi yako ni vitanda, milango na fremu, sehemu kubwa ya siku unachana. Mimi ningenunua ya meno 24, kisha nikatize kwa msumeno wa mkono mpaka pesa ya pili ipatikane. Mkato wa kuchana utapita kwenye randa hata hivyo, kwa hiyo alama ndogo za meno hazina hasara.

## Kununua

Niangalie nini dukani?

Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bamba, yaani mwili wa bledi: kipenyo, tundu la katikati, upana wa meno, idadi ya meno na mzunguko wa juu unaoruhusiwa kwa dakika. Bledi isiyoonyesha mzunguko wake wa juu irudishe kwenye kabati. Haidhuru bei.

Halafu iangalie kwa karibu, nje kwenye mwanga wa jua. Vipande vya kabaidi, ile madini ngumu iliyobandikwa kwenye ncha za meno, viwe vinene na vya saizi moja, kwa sababu vipande vinene vitanolewa mara nyingi. Pale vilipounganishwa na bamba pasiwe na vishimo. Tumbukiza kidole kwenye tundu, bledi ining'inie, kisha ipige taratibu kwa mpini wa bisibisi. Nzima hulia kwa sauti ndefu. Iliyo na ufa hutoa sauti fupi, iliyokufa.

Tundu la bledi ni kubwa kuliko shafti yangu. Nifanyeje?

Hili tunaulizwa kila wiki, kwa kuwa mashine zetu zinatoka kila pembe ya dunia. Za mtindo wa Marekani zina shafti ya inchi 5/8, za Ulaya mara nyingi milimita 30, na nyingine nyingi inchi moja, yaani milimita 25.4. Tundu likizidi, weka ringi ya kupunguzia inayobana sawasawa na isiyo nene kuliko bamba. Usizungushie bati wala waya. Bledi ikihama katikati hata kidogo, meno ya upande mmoja yanafanya kazi yote na mashine nzima inatetema.

Kama tundu ni dogo, usilipanue kwa drili. Nenda ukabadilishe bledi.

Kabaidi au chuma kitupu?

Bledi ya chuma kitupu ni rahisi kununua, na unainoa mwenyewe kwa tupa. Wazee waliotufundisha walichana mvule kwa hizo miaka yote, wakipinda meno moja huku moja kule ili njia ya mkato iwe pana kuliko bamba. Kwa mbao mbichi na laini bado ni chombo cha heshima. Kwa mvule mkavu utakuwa na tupa mkononi kutwa. Kabaidi ni ngumu mno kwa tupa, lakini hukaa na makali muda mrefu kuliko chuma mara nyingi. Kwa anayechana mbao ngumu kila siku, kabaidi inarudisha pesa yake. Kuhusu kuinoa, tazama sehemu ya kunoa hapo chini.

Bledi nyembamba inaokoa mbao?

Kidogo. Bledi ya kawaida inakata njia ya milimita 3.2, nyembamba inakata 2.4. Ukichana ubao mpana mara tano umeokoa milimita 4 kwa jumla. Faida kubwa iko kwenye mota, kwa sababu mti unaotolewa umepungua kwa robo nzima. Mota ndogo ya nguvu farasi 2 itahisi tofauti hiyo.

Hasara ni kwamba bamba jembamba likipata moto hupinda, na mkato unakwenda kama nyoka. Ukiichagua, kisu cha nyuma, yaani kibamba kinachosimama nyuma ya bledi, kilingane nayo. Sababu iko kwenye jibu la ubao kurushwa.

## Kwenye mashine

Bledi itokeze juu ya ubao kiasi gani?

Meno yatokeze kiasi cha mabonde yake kuonekana juu ya ubao, ili yamwage vumbi. Ikizama mno, meno mengi yanakaa ndani ya mti kwa pamoja na yanaungua. Ikitokeza sana inakata kwa ulaini, lakini vidole vyako viko karibu na meno mengi zaidi.

Kwa nini mbao yangu inaungua pembeni?

Watu huilaumu bledi kwanza. Mimi huanza na mwongozo, ile reli unayoegemeza ubao. Pima kutoka jino la mbele hadi kwenye mwongozo, zungusha jino lilelile kwa mkono mpaka nyuma, pima tena. Umeme uwe umechomolewa. Vipimo viwe sawa. Nyuma pakiwa pembamba hata kwa nusu milimita, ubao unabanwa baina ya mwongozo na bledi: hapo utapata weusi, na siku moja utapata hatari. Nyuma pakiwa papana kwa unene wa karatasi, hakuna shida.

Mwongozo ukiwa sawa, angalia utomvu uliogandia pembeni mwa meno. Kisha makali. Kisha mkono wako mwenyewe, kwa sababu anayesukuma polepole kwa woga, au anayesimama katikati ya ubao ili ashike vizuri, anaacha doa jeusi palepale aliposimama. Panga mikono yako kabla ya kuanza, sukuma kwa mwendo mmoja, na mwenzako apokee upande wa pili bila kuvuta. Meno yakiwa mengi kupita kazi, rudi kwenye hesabu ya swali la pili.

Nini husababisha ubao kurushwa nyuma, na nitazuiaje?

Meno ya nyuma ya bledi yanapanda juu kutoka mezani. Ubao ukiyagusa, au mkato ukijifunga na kuyabana, yanauinua na kuurusha kwako kwa kasi ya bledi yenyewe. Kwa inchi 10 katika mizunguko 4,000 kwa dakika, kasi hiyo ni mita 53 kwa sekunde.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nachana mahogani ya upana wa viganja viwili. Mashine haikuwa na kisu cha nyuma. Aliyeniuzia aliniambia kile kibamba kinasumbua tu, nami nikamwamini. Ubao ulijifunga ghafla. Sikuuona ukiondoka. Nilisikia mlio ukutani, nikageuka, nikakuta umetoboa bati la karakana na kubaki umening'inia pale, nusu ndani nusu nje. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka pale ulipotoboa, na mtoto wa jirani alikuwa ametoka kupita mlangoni kuja kuokota maranda ya kuwashia jiko.

Tangu siku hiyo kisu cha nyuma hakiondoki. Ni bamba linalosimama nyuma ya bledi na kuuweka mkato wazi. Unene wake uzidi bamba la bledi na upungue kwa njia inayokatwa: kwa njia ya milimita 3.2 na bamba la 2.2, kisu cha 2.5 hadi 2.8 kinafaa. Mashine iliyotengenezwa mtaani bila hicho, mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee. Msipokipata, weka mwenzako apachike kabari ya mti kwenye mkato baada ya bledi kupita. Simama pembeni mwa mstari wa bledi, kamwe usisimame nyuma yake. Kipande chembamba kuliko upana wa kiganja kisukumwe kwa kijiti.

Umeme wetu ni hafifu jioni. Je, bledi inaweza kusaidia?

Inasaidia. Nguvu ya mota ya kawaida ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, unabaki na asilimia 70 hivi ya nguvu. Bledi kali, nyembamba, yenye meno 24 inaomba kidogo kuliko bledi butu ya meno 40. Lakini mota ikianza kuguna na kushuka mwendo, simamisha kazi. Mota inayolazimishwa huungua waya zake za ndani. Angalia pia waya wa nyongeza unaoutumia, kwa kuwa mwembamba na mrefu hula volti kabla hazijafika kwenye mashine.

Mashine yangu imeundwa mtaani, ina mkanda na puli. Nitajuaje kasi ya bledi?

Zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli ya mota, gawa kwa kipenyo cha puli ya bledi. Fanya hesabu hii kabla ya kununua bledi kubwa. Niliwahi kuitwa kuona mashine yenye mota ya mizunguko 2,850, puli ya inchi 5 chini na inchi 3 juu. Shafti ilikuwa inazunguka mara 4,750. Mwenyewe alitaka kufunga bledi ya milimita 400. Ncha za meno zingekwenda karibu mita 100 kwa sekunde, na mzunguko ungepita ule ulioandikwa kwenye bamba. Kipande cha kabaidi kikichomoka kwa kasi hiyo ni sawa na risasi. Tulibadilisha puli zikawa sawa, kasi ikashuka hadi mita 60, na mashine ikakata vizuri bila kelele zile za kwanza.

## Mbao zetu

Kwa nini mvule unaua bledi haraka?

Mvule hauna uzito wa kutisha, mkavu ni kilo 650 hivi kwa mita ya ujazo. Tatizo ni jiwe. Ndani ya mti, hasa pale ulipowahi kujeruhiwa, hujengeka madonge ya chokaa magumu. Mara nyingi hayaonekani mpaka bledi iyafikie: unasikia mlio mkavu, cheche moja au mbili, kisha mstari mweupe kwenye uso wa mkato. Meno mawili matatu yamekwisha.

Angalia rangi kabla ya kuchana. Sehemu iliyokolea weusi kuliko sehemu zinazoizunguka inaweza kuwa imefunika jiwe. Mimi huigonga kwa patasi kuukuu nikisikiliza. Nikishuku, nachana kwa bledi ya zamani ninayoihifadhi kwa kazi hiyo tu, hata kama mkato wake si mzuri.

Jambo la pili ni vumbi. La mvule linawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi. Vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa mwaka 1995 katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC. Vaa barakoa inayoshika usoni. Leso ya pua haitoshi.

Mkaratusi unajipinda mara tu ninapouchana. Bledi ndiyo mbaya?

Hapana, ni mti. Mkaratusi hukua ukiwa na mvuto ndani yake, na ukiuchana mvuto huo unaachiliwa: vipande viwili vinafunguka kama mkasi au vinajifunga juu ya bledi. Chana ukiacha sentimita moja au mbili za ziada, uache upumzike siku kadhaa, kisha uchane tena kwa kipimo. Kisu cha nyuma hapa ni lazima.

Naweza kuchana mbao mbichi?

Unaweza, ukitumia bledi ya njia pana. Mbao mbichi hubana bledi, na vumbi lake huganda kwenye mabonde kama ugali kwenye sufuria. Kwa fanicha subiri ikauke. Utakayoichana mbichi kwa kipimo kamili haitakuwa na kipimo hicho mwezi ujao.

Mfenesi unaacha gundi kwenye meno. Nasafishaje?

Ivue bledi, ilaze kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni ya unga kwa nusu saa, isugue kwa brashi ya meno iliyochakaa, ikaushe kabisa, ipake mafuta kidogo. Usikwangue kabaidi kwa kisu, maana ni ngumu lakini inavunjika kama chupa. Nusu ya bledi zinazoletwa kwetu zikisemwa ni butu zinakata tena baada ya kuoga.

## Kunoa

Nitajuaje kuwa ni wakati wa kunoa?

Unasukuma kwa nguvu kuliko zamani, vumbi limekuwa unga, sauti ya mota imeshuka. Shika jino moja kwenye mwanga: ncha kali haionekani, ncha butu inarudisha mstari mwembamba wa nuru. Ukiuona mstari huo, usingoje. Kadiri unavyochelewa, ndivyo kabaidi nyingi zaidi italazimika kusagwa ili kufikia ukali.

Naweza kunoa kabaidi kwa jiwe la kawaida?

Jiwe la kawaida litapata moto na kuivunja. Inahitaji gurudumu la almasi, na kila jino lisagwe kwa kiasi kilekile ili yote yabaki na kimo kimoja. Tafuta mnoaji mwenye mashine ya kushikilia bledi kwa pembe moja, sio anayekadiria kwa jicho.

Jino moja limeng'oka. Bledi bado inafaa?

Kwanza angalia kama bamba lina ufa chini ya pale lilipokuwa. Kama halina, jino linaweza kuunganishwa upya na mtaalamu wa kazi hiyo. Kuendelea kuitumia hivyo kunalipa jino linalofuata mzigo wa meno mawili, nalo huondoka. Bamba lenye ufa halichomelewi. Likate vipande ili mtu mwingine asiliokote.

## Yasiyo ya kila siku

Naweza kufunga bledi ya mbao kwenye grainda?

Usifanye. Grainda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, haina meza, haina mwongozo, na bledi ikishika mti inaruka kuelekea usoni au pajani.

Ubao ni mnene kuliko kimo cha bledi. Nachanaje?

Chana nusu kutoka upande mmoja, ugeuze, umalizie, ukingo uleule ukiegemea mwongozo mara zote mbili. Mkato wa kwanza uache katikati kiasi cha sentimita moja. Kisu cha nyuma kisiwe kirefu kuliko bledi, la sivyo kitazuia ubao.

Ubao hauna ukingo hata mmoja ulionyooka. Nitauegemeza wapi?

Usiuchane kwa kuegemeza ukingo uliopinda. Utabembea na kubana. Chukua ubao mwembamba ulionyooka, upigilie skrubu juu ya ule uliopinda, ukitokeza kidogo upande wa mwongozo, skrubu zikiwa mbali na njia ya bledi. Ubao ulionyooka ndio unaoegemea mwongozo, na bledi inakata ukingo mpya upande wa pili. Ukiutoa, geuza, sasa una ukingo wa kuegemeza. Matundu ya skrubu yaweke mahali utakapokuja kukata.